Kabla ya Kununua RAM ya Kompyuta ya Mezani

Anayejiundia kompyuta huvutwa kwanza na bei ya RAM. Sisi tunakushauri uanzie kwenye bodi mama. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 na zinakaribia kufanana kwa macho, lakini mkato wa upande wa pini hauko mahali pamoja. Isiyo ya aina yake haitaingia, na kuilazimisha huweza kuharibu bodi. Prosesa za AMD za soketi ya AM5, kwa mfano, hutumia DDR5 pekee.

Watengenezaji wa bodi huchapisha orodha ya RAM walizozijaribu. Linganisha namba kamili ya modeli, si jina la kampuni tu. Kisha mtake muuzaji aiandike namba hiyo kwenye risiti: risiti iliyoandikwa “RAM” peke yake itakusaidia kidogo sana ukidai kubadilishiwa.