Kipawa, fremu ya pili iko kiganjani

Anayetafuta fremu kandokando ya Barabara ya Nyerere, kipande cha Kipawa, hukutana kwanza na dalali, kisha na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla ya kutoa ufunguo. Fundi wa makabati asiye na fedha hiyo huishia mtaa wa ndani, nyuma ya maghala, ambako msumeno unasikika lakini kibao chake hakionwi na mpita njia. Swali la faida ya mitandao ya kijamii lilipaswa kuanzia hapo. Kwa wahasibu, wahandisi na mawakili wengi, linaanzia kwenye udaku.

Shaka yao ina sababu. Nani hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nani hajasikia habari za mtu aliyelipia kiatu cha kwenye picha akaletewa kingine kabisa? Na wakiambiwa mtandao unalipa, mfano wanaopewa ni Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, ambaye video zake za kuigiza nyimbo za Kihindi zilimfikisha Ubalozi wa India kupewa heshima Februari 2022, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamsifu redioni. Ni sifa kwa nchi nzima, ila mhandisi mwenye mvi anaisikia na kujiuliza kama naye anatakiwa kucheza mbele ya kamera.

Hatakiwi.

Anachohitaji fundi wa Kipawa ni kuonekana na watu wachache wenye shida ya kabati. Mteja wa Tegeta hamjui. Lakini akiliona kabati lilelile Instagram likiwa mbao tupu Jumatatu, limepigwa msasa Jumatano, limesimama chumbani Jumamosi, amekagua kazi ambayo zamani angepanda daladala mbili kuifuata. Chini ya picha anaandika neno moja: "Bei?" Hapo ndipo biashara nyingi zinajiangusha zenyewe. Mwenye ukurasa anajibu "njoo DM", na mteja anahisi anataka kupimwa mfuko kwanza. Anayeandika bei, vipimo na aina ya mbao palepale anakuwa amewajibu na wengine wote wanaosoma kimyakimya.

Maswali hayo yana uzito kuliko idadi ya laiki. Wateja watatu wa mikoani wakiuliza kama kabati linafunguka ili lipakiwe kwenye basi, fundi ameshajua kuwa toleo lijalo lifungwe kwa skrubu badala ya gundi.

Kuna jambo jingine ambalo Kipawa inalielewa kuliko vitongoji vingi. Wakazi wengi wa hapa na Kigilagila walihamishwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, wakaenda kuanza upya upande wa Pugu na kwingineko. Jirani akihama, muuza duka anapoteza mteja. Namba zao zikiwa zimehifadhiwa pande zote mbili, aliyehama bado anaiona Status ya WhatsApp ya asubuhi. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, haina ada na ina katalogi ambayo mteja anaipitia kama rafu za dukani. Na wa kuipitia si wachache: mwishoni mwa 2023, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilihesabu usajili wa intaneti zaidi ya milioni 35 nchini.

Gharama zipo. Bando linaisha, akaunti inadukuliwa. Mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025, na Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa. Aliyeweka wateja wake wote ndani ya programu moja alibaki ameshika simu tu, kwa hiyo namba ziandikwe pia kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, nayo inamgusa kila anayekusanya namba hizo, na chumba cha mteja hakipigwi picha na kurushwa bila ridhaa yake.

Kwa mhasibu ambaye bado hajashawishika, kipimo kipo na ni cha bei ya daftari. Kila mteja anayelipa aulizwe, "Umetupataje?", na jibu liandikwe pembeni ya kiasi alicholipa: jirani, jirani, Status, dalali, Instagram, jirani. Mwisho wa mwezi ajumlishe kila safu, kisha atoe fedha ya bando na saa zilizotumika kujibu ujumbe. Kitakachobaki akilinganishe na kodi ya ile fremu ya barabarani.