Programu Ikifa, Nani Arithi Faili?

Programu inapokufa ghafla, mfumo endeshi huchota yaliyokuwemo kwenye kumbukumbu yake na kuyamwaga katika faili moja. Nitaliita dampo, wala sioni haya: waokota chupa wanajua kuwa dampo halina takataka tu.

Fundi hulihitaji ili ajue programu imeuawa na nini. Tatizo, kumbukumbu haibagui. Kama programu ilikuwa ikikagua nywila, nywila imo. Kwenye Linux, lipitishe dampo katika amri ya strings, inayochuja maandishi yanayosomeka. Katikati ya vurugu za herufi utakutana na anwani za barua pepe, vipande vya ujumbe, pengine nywila nzima.

Programu yako ikifa, dampo ni lako. Siri zake ulikuwa nazo tangu mwanzo. Kasheshe ni zile programu zinazoanzishwa na mtumiaji wa kawaida huku zikifanya kazi kwa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Mojawapo ni unix_chkpwd. Yenyewe husoma /etc/shadow, faili la hashi za nywila, yaani nywila zilizovurugwa zisisomeke, ambalo wewe na mimi haturuhusiwi kulifungua. Nikiiangusha makusudi, dampo lake nipewe mimi? Hasha, ni la root.

Mei 2025 watafiti wa kampuni ya usalama ya Qualys walionesha jinsi ya kuikwepa kanuni hiyo. Katika Linux nyingi, kazi ya kuhifadhi dampo ni ya systemd-coredump, nayo ilikuwa ikimtambua marehemu kwa namba yake ya mchakato. Mshambuliaji anaiua unix_chkpwd, kisha anawahi kuipachika namba ileile kwenye mchakato wake wa kawaida kabla ukaguzi haujafanyika. Mkaguzi anamkuta mtu baki asiye na mamlaka yoyote, anaridhika, na dampo lenye hashi linaangukia mikononi mwa mshambuliaji. Ni mbio za kufumba na kufumbua, lakini anayeshindwa huruhusiwa kujaribu tena.

Marekebisho yalitoka. Asiyeweza kusasisha mara moja aweke fs.suid_dumpable kuwa 0, na programu za aina hiyo hazitaacha dampo kabisa. Mafundi watanung'unika kwamba wamenyang'anywa ushahidi. Wanung'unike, kwenye seva inayotumiwa na watu wengi, mimi naiweka 0.

Na siku mtengenezaji wa programu akikuomba umtumie dampo kwa barua pepe, lipitishe kwenye strings kwanza, usome mwenyewe.