Injini kubwa, pua nzito

MASHABIKI wa magari ya porini wana ugonjwa mmoja: nguvu. Mtu akipata Land Rover ya zamani yenye injini ya lita 2.25, silinda nne, anaing'oa na kupachika 1HZ ya Toyota: dizeli, lita 4.2, silinda sita. Mlima linapanda, hakuna ubishi.

Balaa linaanza mbugani. Njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kwenda Ujiji, inakatiza mabonde ya udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unageuka gundi. Injini hiyo ni ndefu na nzito, na uzito wake wote umekaa mbele. Pua inazama, matairi ya nyuma yanazunguka bure, gari linalala hapo hapo.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hiyo kwa miguu walibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Walijua mzigo una kipimo chake.

Dawa ni mzani. Pima ekseli ya mbele na ya nyuma, kabla na baada ya kubadili injini. Weka springi ngumu zaidi mbele, hamishia betri na tairi la akiba nyuma, vua bampa isiyo na kazi. Dizeli nayo ni mzigo: madumu matano ya lita 20 yanazidi kilo 80.

Kenya wana Rhino Charge tangu 1989. Bingwa si mwenye mbio. Ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Aliyekwama topeni hafiki, hata awe na silinda ngapi.