Tangu Benaco hadi simu ya kiganjani: Tumebadilikaje katika kuuliza?

Tarehe 20 Aprili 1994, katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, mwanafunzi aitwaye Brian Pinkerton alifungulia umma mtambo wa kutafutia habari katika intaneti. Aliuita WebCrawler. Ulikuwa wa kwanza kumwezesha mtu kuandika neno lolote akaletewa kurasa zenye neno hilo ndani yake. Ilipofika Novemba mwaka huo, ulikuwa umekwisha kupokea maswali milioni moja.

Siku nane baada ya kufunguliwa mtambo huo, tarehe 28 Aprili, umati wa Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia nchi yao ulianza kumiminika katika daraja la Rusumo. Kwa muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka mto Kagera wakaingia wilayani Ngara. Wengi walitua Kasulo, mahali paitwapo Benaco, jina lililotokana na kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi yake hapo.

Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Lakini yote mawili yalizaa kazi moja, nayo ni kutafuta. Kule Marekani watu walikuwa wakitafuta habari. Kasulo walikuwa wakitafuta watu: mke aliyepotezana na mumewe njiani, mtoto aliyeachwa na mkono wa mama yake katika msongamano, mzee asiyejua wanawe wamebaki upande upi wa mto. Leo, ambapo kila nyumba ina simu na kila simu hupokea maswali usiku na mchana, inafaa tuzitazame njia hizo mbili za kuuliza kwa pamoja.

Swali lenye jina la baba

Katika kambi za wakimbizi, aliyetaka kumtafuta jamaa yake aliweza kuandika ujumbe wa familia wa Msalaba Mwekundu. Ujumbe huo ulikuwa karatasi isiyofungwa kwa gundi, yenye habari za kifamilia tu, na ulisafirishwa kutoka mkono hadi mkono. Mwandishi alitakiwa kujitambulisha kikamilifu na kumtambulisha amtafutaye: jina lake, la baba, la mama, na mahali alipokuwa akiishi. Aliyeupokea aliweza kurudisha jibu kwa njia ileile.

Redio nayo ikaingia katika kazi hiyo. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia, na majina ya waliopotezana yakawa yanasomwa hewani. Mwaka 1995 Ngara yenyewe ikapata Radio Kwizera, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi. Katika nchi za Maziwa Makuu, watoto zaidi ya 100,000 waliotenganishwa na wazazi wao waliandikishwa ili watafutiwe jamaa zao. Wapo waliokuwa wadogo mno kuweza kutaja hata jina la baba. Hao walipigwa picha, na picha zao zikaonyeshwa kwa watu, huenda likatokea jicho la kuwatambua.

Ilipofika Desemba 1996, wakimbizi wa Kinyarwanda walirudishwa kwao kupitia daraja lilelile. Somo walilotuachia kuhusu kuuliza ni hili: swali lao halikuweza kufika lisipobeba nasaba na mahali. Jibu nalo lilikuja na mletaji, mtu mwenye jina, ambaye ungeweza kumwuliza tena, "Ulimwona lini? Alikuwa na nani?"

Kutoka maneno mawili hadi sentensi

Mitambo ya kwanza ya intaneti iliwafundisha watu kinyume cha hayo. Watafiti waliochunguza maswali yaliyoingia katika mtambo wa Excite mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuta kwamba swali la kawaida lilikuwa na maneno mawili na kidogo tu. Mtambo ulilinganisha maneno, haukuelewa maana, na mtu alijifunza kuandika kama mtuma telegramu wa zamani aliyelipia kila neno.

Watafiti hao waliona pia kuwa watu hubadilika katika wanachokitafuta. Mwaka 1997, takriban swali moja katika kila sita lilihusu mambo ya uchi. Mwaka 2001 yalikuwa yamepungua hata kuwa chini ya moja katika kumi, na maswali ya biashara yalikuwa yamepanda hadi kukaribia robo ya yote. Intaneti ilipozoeleka, watu waliiingiza katika shughuli za kila siku za riziki.

Kwetu mabadiliko yalichelewa kidogo, kisha yakaja kwa kasi. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mwaka huohuo Kiswahili kikaingizwa katika huduma ya tafsiri ya Google. Mwaka 2013 Google iliufanyia mtambo wake mageuzi ili uelewe sentensi nzima badala ya neno mojamoja. Agosti 2017 Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha ambazo mtu anaweza kuuliza kwa kutamka tu. Hapo hata bibi asiyejua kuandika akafunguliwa mlango.

Tukisimama leo njia panda ya Benaco, ambapo barabara itokayo Lusahunga hugawanyika kuelekea Rusumo na Ngara mjini, si vigumu kukisia yanayoulizwa. Dereva wa lori anataka kujua hali ya mpakani. Mfanyabiashara anauliza bei ya maharage. Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nzima huinamia kioo kimoja. Shaaban inapokaribia kwisha, watu huuliza kama mwezi umeandama.

Maswali asiyoulizwa mtu

Zaidi ya urefu wa swali, kuna badiliko lililo zito kwa familia. Yapo mambo ambayo zamani yaliulizwa kwa shangazi, kwa somo, kwa bibi, au hayakuulizwa kabisa. Binti anayeona mabadiliko ya mwili wake, kijana aliyeingia katika deni la mkopo wa simu, mke aliyechoshwa na ndoa, wote sasa humweleza mtambo kile ambacho hawajamweleza binadamu yeyote. Mtambo hauoni haya wala haugombezi.

Lakini swali hilo halipotei hewani. Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maswali yapatayo milioni 20 ya watumiaji wapatao 650,000, baada ya kuondoa majina yao na kuweka namba. Haukupita muda, waandishi wa gazeti la New York Times wakamtambua mjane mmoja kwa kusoma tu alichokuwa akikitafuta. Maradhi, majirani na wasiwasi wake vilitosha kumwonyesha alipo.

Na tangu mwishoni mwa 2022 mitambo imeanza kujibu yenyewe kwa maneno laini, kama mtu anayezungumza, mara nyingi bila kumwelekeza muulizaji kwa mwandishi wa asili. Zamani mtambo ulikuletea kurasa kumi ukachague. Sasa unakuletea kauli moja.

Umepokea kwa nani?

Sisi Waislamu tunayo desturi kongwe inayofaa hapa. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na maneno mazuri. Waliuliza, "Umepokea kwa nani, naye kapokea kwa nani?" Habari isiyokuwa na mapokezi yanayojulikana haikujengewa hukumu. Kuuliza hivyo mbele ya simu hakuhitaji elimu kubwa: nani kaandika, lini, na kwa watu wa nchi gani?

Tuchukue mfano wa mirathi. Mjane akiandika "fungu la mke", huenda akaletewa thumni, naye akaridhika. Thumni ni haki yake iwapo marehemu ameacha mtoto. Asipoacha mtoto, fungu lake ni robo. Tofauti hiyo ni nusu nzima ya haki yake, nayo imejificha katika jambo ambalo swali lake halikulitaja. Shekhe angeanza kwa kumwuliza marehemu kaacha nani. Karatasi ya Benaco nayo ilianza kwa kuuliza nasaba.

Ndivyo ilivyo katika afya. Mtoto akipatwa na homa katika maeneo ya malaria kama Ngara na Biharamulo, simu inaweza kueleza dalili, lakini haiwezi kutoa tone la damu kidoleni na kulipima. Kuuliza simu usiku kusimcheleweshe mama kufika zahanati.

Kuwanyang'anya watoto simu hakutamaliza swali. Kutalihamishia kwa mwenzao. Tunaona ni bora mzazi akae na mwanawe, waulize pamoja, wasome pamoja, na mtoto aone baba yake anavyotilia shaka jibu la kwanza. Mtoto akileta swali la aibu, asikemewe, maana akikemewa mara moja hatalileta la pili kwetu. Na panapohitajika mjuzi, awe daktari, shekhe au bibi mwenye busara, tumshike mkono tumpeleke, amwone anayemjibu, na ajue wapi pa kumpata kesho akiwa na swali jingine.