Kona ya Kulia na Mkono Wenye Kazi Nyingi

Madereva wengi wa pikipiki wana upande wanaouamini na upande wanaouogopa. Kushoto mtu analaza pikipiki bila kufikiri. Kulia anakaza mabega, anaachia mafuta katikati, na kona inampanukia. Wapo ambao kwao ni kinyume. Hofu hii haiponi kwa kuambiwa "jikaze", kwa sababu haitokani na uoga. Ina vyanzo vyake, na mimi naanzia mkononi.

Tazama kazi zilivyogawanywa. Mkono wa kushoto una klachi, mguu wa kushoto una gia, na katikati ya kona vyote viwili kwa kawaida vimetulia. Mkono wa kulia umebeba mafuta pamoja na breki ya mbele. Sasa, pikipiki ikishapata mwendo, hulazwa kwa kusukuma mbele mshikio wa upande unakotaka kwenda: sukuma wa kulia, italala kulia. Wengi hufanya hivyo bila kujua. Ukienda kushoto, mkono wa kushoto unasukuma na wa kulia unabaki na mafuta yake. Ukienda kulia, mkono uleule unaosukuma unatakiwa kushika mafuta bila kutikisika. Ukiukaza, mafuta yanaongezeka au yanakatika, pikipiki inashtuka, nawe unashtuka nayo. Unapogeuza taratibu mahali pafinyu dhiki inazidi, maana kiwiko cha kulia kinabanwa ubavuni na kifundo cha mkono kinakunjika.

Mazoea nayo yana sehemu yake. Stendi ya pembeni iko kushoto, tunapanda kutokea kushoto, na kwenye taa mguu wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma huku wa kushoto ukitua chini. Mwili unajifunza kwamba ukilala kushoto, ardhi ipo.

Kisha kuna barabara yenyewe. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo kona ya kushoto iko ukingoni, palipo na mchanga uliosombwa na mvua na majani yanayoziba macho. Ukipanuka, unakutana na lori. Kona ya kulia inakuonyesha mbali zaidi, lakini pikipiki ikilala karibu na mstari wa kati, kichwa chako kinaweza kuwa tayari kimeuvuka, na ukipanuka unaishia mtaroni. Kwenye makutano, kukata kulia ni kukatisha mbele ya magari yanayokuja. Ukitoka Tanzania ukavuka daraja la mpakani pale Rusumo kuingia Rwanda, ambako hupita kulia, hofu hizi za barabara hubadilishana upande. Ile ya mkono haibadiliki. Anayesumbuka na kona za kulia pande zote mbili za daraja, ninamshauri auangalie mkono kwanza.

Hata kwenye mashindano makubwa ya pikipiki upande una uzito. Uwanja wa Sachsenring, Ujerumani, una kona 13, na 10 kati yake ni za kushoto. Upande wa kulia wa tairi hupoa, na kona ya kulia ya 11 imeangusha mabingwa. Dereva wa mashindano Marc Márquez, anayefanya mazoezi kwenye viwanja vya udongo vya kuzunguka kushoto, alishinda hapo kila mwaka kuanzia 2013 hadi 2019 katika daraja la MotoGP. Kujiamini kwa upande mmoja hujengwa kwa kurudiarudia, na upande wa pili nao hujengwa hivyohivyo.

Tafuta uwanja mtupu, bila abiria wala mzigo. Zungusha namba nane kwa gia ya kwanza, na duara la kulia ulirudie mara nyingi kuliko la kushoto. Shika mshikio wa kulia kwa mshazari kidogo, kiwiko kimelegea, na uinamishe kifua mbele ili mikono isikubebe. Barabarani, punguza mwendo kabla ya kona, kisha shikilia mafuta kidogo na ya namna moja mpaka utoke, macho yakiwa mwishoni mwa kona na si kwenye mtaro. Ukiona kidole gumba kimebana, kilegeze kwanza ndipo ulaze pikipiki.