Majaribio 10 ya programu, kosa bado halionekani. Kwa nini?

Chukulia mfano huu wa kubuni. Lori linapanda mzani Mikese, Morogoro. Ekseli ya mbele, ile ya usukani, ina tani 9. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 hapo, na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne. Kompyuta inasema pita. Kumbe aliyeandika programu ameweka 10 kote, na barabara ndiyo inaumia.

Fundi anaijaribu programu kwa malori 10. Tisa yanapata jibu sahihi, moja linafeli. Halafu anakwama: kosa liko mstari gani?

Kila lori lina ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo majaribio yote 10 yamepita kwenye mistari ile ile. Kwenye ripoti itaonekana asilimia 100 ya programu imejaribiwa. Bosi atafurahi, fundi hana pa kuanzia.

Mwaka 2002, James Jones, Mary Jean Harrold na John Stasko wa Georgia Tech, Marekani, walieleza mbinu iitwayo Tarantula. Inalinganisha sehemu ya majaribio yaliyofeli yaliyopita kwenye mstari fulani na sehemu ya yale yaliyofaulu, kisha inaupaka mstari rangi. Nyekundu ni wa kushukiwa, kijani ni salama. Kwa malori yale 10, kila mstari unapata shaka ya 0.5. Rangi moja tu, juu hadi chini.

Sasa fundi ajaribu ekseli moja moja: sita za nyuma, tatu za mbele zenye tani 7, na moja ya mbele yenye tani 9. Majaribio ni 10 vilevile. Mstari wa usukani unapanda hadi 0.75, wa nyuma unashuka hadi 0.

Mbona haufiki 1? Ni zile tatu za tani 7. Zinapita kwenye mstari mbovu lakini zinafaulu kwa bahati, maana 7 iko chini ya 8 na chini ya 10 pia. Ni kama mashahidi wanaomtetea mwizi bila kujua. Zikipandishwa ziwe tani 9, zote zinafeli, na mstari wa usukani unafika 1.