Kabla ya kulipia leseni, linganisha majina yako

Kijana mmoja wa Makambako alitupigia simu studio akiwa amekata tamaa. Mwenye pikipiki mmoja alikuwa amemwahidi pikipiki mpya ya mkataba kwa sharti moja, alete leseni ndani ya wiki mbili. Kijana hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa ameendesha bodaboda ya ndugu yake kwa miaka minne, na safari hii akaamua kufanya mambo kwa utaratibu. Alisoma shule ya udereva, akalipa, akafaulu. Alipofika dirishani na karatasi zake, akaulizwa swali ambalo hakulitegemea: "Wewe ni Jofrey au Godfrey?"

Cheti cha udereva kilisema Jofrey, kama cheti chake cha darasa la saba. Namba ya NIDA ilimtoa kwa jina la Godfrey. Yeye mwenyewe hakuwa ameona tofauti yoyote, maana nyumbani anaitwa hivyo hivyo kwa njia zote mbili. Akarudishwa kwenda kurekebisha. Wiki mbili zikapita, na pikipiki ikapewa mwingine.

Tumelitumia jina la mfano hapo, lakini kisa ni cha kweli na si cha mtu mmoja. Kila tunapogusa leseni katika kipindi, tunajiandaa kwa maswali ya alama za barabarani na mtihani wa trafiki, na kila mara wanaopiga wanauliza habari ya majina na tarehe za kuzaliwa. Ndiyo maana tumeamua kuandika jambo hili, ili uweze kulisoma kwenye simu yako taratibu na kumsomea jirani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba leseni ya udereva ipo mwisho wa mnyororo. Watu wengi wa vijijini wanaanza na shule ya udereva kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini leseni inatolewa na TRA, na TRA inakutambua kwa TIN, ile namba ya mlipakodi yenye tarakimu tisa. TIN nayo siku hizi inaombwa kwa namba ya NIDA, na mfumo unachukua jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa kutoka huko. Kwa hiyo unapofika kupiga picha na kuweka alama za vidole kwa ajili ya leseni, jina linalokusubiri kwenye kompyuta ni lile la NIDA. Cheti cha shule ya udereva na cheti cha umahiri unachopewa na polisi baada ya kujaribiwa vinatakiwa kukubaliana na jina hilo.

Ukilijua hilo, mpangilio wa safari unabadilika. Unaanza NIDA, unakwenda TIN, ndipo unajiandikisha shule ya udereva ukitumia majina yaleyale, herufi kwa herufi. TIN haina malipo, kwa hiyo anayekudai hela ya TIN yenyewe anakuibia. Mwenye steshenari anayekusaidia kujaza na kuchapisha analipwa kazi yake tu.

Kama ulishawahi kuwa na TIN zamani, labda ulipouza mbao au uliponunua pikipiki iliyotumika, usiombe nyingine. Mtu mmoja ana TIN moja. Ile ya zamani ndiyo inayofanyiwa marekebisho, na ofisi ya TRA ndiko yanakofanyika.

Sasa tuje kwenye mzizi wenyewe. Kwa nini majina yetu yanatofautiana kiasi hiki?

Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ilianzishwa mwaka 2008, na vitambulisho vya kwanza vilizinduliwa mwaka 2013. Lakini kwa wengi wetu huku, tulikumbuka NIDA pale laini za simu zilipotaka kusajiliwa kwa alama za vidole. Mwisho ulipangwa kuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Anayekumbuka foleni za miezi ile anajua hali ilivyokuwa. Watu walifika alfajiri na baridi la Njombe, wengine fomu zao zimejazwa na kijana wa steshenari aliyekuwa na fomu nyingine hamsini mezani. Unamtamkia jina, anaandika alivyosikia. Wewe unatia sahihi bila kusoma kwa sababu mistari mirefu iko nyuma yako. Makosa mengi tunayoletewa leo yalizaliwa katika haraka ile.

Sababu ya pili ni ya zamani zaidi na watu huisema kwa sauti ya chini. Wapo waliorudia darasa la saba kwa jina la mwanafunzi aliyeacha shule. Wazazi walipanga, mtoto akafaulu, na cheti cha sekondari kikatoka kwa jina lisilo lake. Miaka ishirini baadaye mtu yule ana majina mawili, na hajui aanzie wapi. Hatuwezi kukupamba kwa maneno hapa. Kutumia jina la mtu mwingine ni kosa, na kadiri unavyoongeza nyaraka juu yake ndivyo linavyokuwa gumu. Ukiwa katika hali hiyo, tafuta ushauri wa kisheria kabla hujapeleka karatasi yoyote ofisini.

Halafu kuna wanawake. Dada mmoja wa Njombe mjini alituambia amejiandikisha NIDA kwa jina la mume, vyeti vyote vina jina la baba, na sasa anataka leseni aendeshe gari la kubebea parachichi. Hakuna aliyemdanganya na yeye hakumdanganya mtu. Amefanya kama tunavyofanya wote tukiolewa, na jina limekwenda na ndoa. Mfumo wa kompyuta haujui ndoa mpaka uonyeshwe karatasi.

Na sisi hapa studio hatukusalimika. Mwenzetu mmoja alipoteza karibu miezi mitatu kwa sababu ofisi moja iliandika mwezi wake wa kuzaliwa kimakosa, na kila alipokwenda aliambiwa arudi wiki ijayo. Nauli ya kutoka kijijini kwao ilimgharimu zaidi ya leseni aliyokuwa anaifuatilia.

Kwa hiyo anza kwa kujihakiki mwenyewe nyumbani, bila nauli. Kama umejiandikisha NIDA lakini hujui namba yako, piga *152*00# na ufuate maelekezo mpaka sehemu ya utambuzi. Ukiipata, iangalie vizuri. Ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1994 namba yake inaanza na 19940305. Kama yako inaanza na tarehe ambayo si yako, tatizo umeshaliona kabla ya mtu wa dirishani.

Ukishapata namba, tandika karatasi zako zote mezani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo kama unacho, na kitambulisho. Soma kila jina kwa herufi. Agnes na Agness ni watu wawili kwa kompyuta. Angalia pia mpangilio wa majina, kwa sababu wengine jina la babu limeruka kwenye karatasi moja na kurudi kwenye nyingine.

Kuna tofauti moja isiyopaswa kukuhangaisha. Mkoa wa Njombe ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukamegwa kutoka Iringa. Aliyezaliwa hospitali ya Ilembula mwaka 1990 alizaliwa wilaya ya Njombe, mkoa wa Iringa. Leo Ilembula iko wilaya ya Wanging'ombe, mkoa wa Njombe. Cheti kinachosema Iringa si kosa, ndivyo ilivyokuwa siku hiyo. Akiuliza mtu, mweleze hivyo.

Kama huna cheti cha kuzaliwa kabisa, na wengi waliozaliwa nyumbani hawana, kazi hiyo ni ya RITA, na kwa huku kwetu unaipata kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sheria inataka uzazi usajiliwe ndani ya siku 90. Ukichelewa bado unasajiliwa, ila unadaiwa ushahidi zaidi na ada inapanda. Hapo ndipo karatasi za zamani zinapopata thamani: kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, cheti cha ubatizo, na barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Katika mkoa huu ambao makanisa yameandika vitabu vya ubatizo kwa miongo mingi, usidharau ofisi ya parokia au usharika. Tumesikia mzee aliyepata mwaka wake wa kuzaliwa humo baada ya kuukisia maisha yake yote.

Barua ya mtendaji nayo ina jambo lake. Mtendaji anaandika unachomwambia na anachokijua, kwa hiyo nenda na karatasi mkononi asije akaandika jina la tatu. Isome kabla muhuri haujagongwa.

Kuhusu marekebisho yenyewe, watu wanachanganya vitu viwili. Tofauti ya tahajia, kama Jofrey na Godfrey, kwa kawaida hufafanuliwa kwa hati ya kiapo. Unaapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Lakini kubadili jina kabisa, kuacha moja na kuchukua jingine, kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ukipeleka kiapo mahali panapotakiwa hati ya kubadili jina utarudishwa, na fedha ya wakili imeshakwenda. Uliza kwanza ofisi inayorekebisha inataka ipi, tena uliza ikuandikie. Kama huna uwezo wa wakili, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwao.

Na swali hili huja kila mara: nirekebishe cheti kifuate NIDA, au NIDA ifuate cheti? Maoni yetu ni kwamba usiangalie ipi ni rahisi leo. Angalia ipi ni kweli, na ipi imeshikilia vitu vingi zaidi, kama akaunti ya benki, laini ya simu, hati ya shamba na bima. Ukibadili NIDA kwa ajili ya leseni tu, unaweza kukuta mwezi ujao benki haikutambui. Kama kosa liko kwenye cheti cha shule ya udereva peke yake, rekebisha hicho na uache mengine yapumzike. Yule kijana wa Makambako angeandikisha Godfrey shuleni tangu siku ya kwanza, angekuwa barabarani sasa hivi.

Vidole navyo vinasumbua. Anayechimba viazi na kupasua mbao kila siku alama zake zinafifia, na mashine inamkataa. Wahudumu wazoefu hujaribu kidole baada ya kidole. Nawa mikono vizuri, kausha, na ukikataliwa omba kujaribu vidole vingine kabla hujaondoka.

Usiache kitambulisho chako ofisini ukidhani namba inatosha. Mwaka 2025 NIDA ilitangaza kusitisha matumizi ya namba za watu waliotumiwa ujumbe wakachukue vitambulisho vyao na hawakwenda. Hapa wengi wameponzwa na laini ya simu. Waliandika namba waliyokuwa nayo 2019, ikapotea au ilikuwa ya shemeji, na ujumbe ukaenda huko. Kama ulijiandikisha na hujawahi kuona kadi, ulizia kwa mtendaji na ofisi ya NIDA ya wilaya. Na kwa wenye kadi za mwanzo zilizoandikwa tarehe ya kuisha muda, Serikali ilishatangaza mwaka 2023 kwamba ukomo ule hautumiki tena, kwa hiyo asikutoze mtu hela ya "kuhuisha".

Tumalizie na vishoka, kwa sababu ndiko wanakoishia waliochoka. Stendi zetu hazikosi mtu anayekuahidi leseni bila kukanyaga ofisi yoyote. Tunaelewa kishawishi. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, na ukirudishwa mara tatu umekula mtaji. Lakini leseni ya kweli ina rekodi kwenye mfumo, na askari anaweza kuihakiki. Ukikamatwa na ya kughushi hauko tena kwenye faini ya kawaida ya barabarani, uko kwenye kesi ya jinai. Na ukigonga mtu ukiwa na karatasi ya bandia, bima inaweza kukataa kulipa, na anayebaki na deni la mguu uliovunjika ni wewe na familia yako.

Wazazi wenye watoto wadogo, tangu mwaka 2016 mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulipofika Njombe, cheti cha mtoto kinapatikana bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Kabla hujaondoka mezani, soma jina la mtoto kwa sauti, herufi kwa herufi, na la baba yake, na la mama yake. Kosa likionekana pale pale, sema hapo hapo, kabla hujachukua cheti.